Uzito wa Risasi na Wajibu wa Mwindaji

Mhadhara kwa wanafunzi wa usimamizi wa wanyamapori na wawindaji wenye leseni



Wawindaji wawili wakikutana penye moto jioni, hawachelewi kubishana juu ya uzito wa risasi. Mmoja atasema nzito huanguka upesi, haifai kwenye mbuga wazi. Wa pili atajibu kwamba nyepesi huchukuliwa na upepo, tena hupasuka juu juu begani kwa mnyama. Akitokea wa tatu, atashikilia alichofundishwa na baba yake. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na kwa sababu ni kipande tu, ubishi hauishi.

Naweka msimamo wangu mbele yenu tangu sasa. Uzito peke yake haumwambii mwindaji kitu cha kutegemea. Huanza kuwa na maana tukiuweka pamoja na mambo manne: kasi ya risasi inapotoka mtutuni, umbo lake, mtutu unaoirusha, na umbali wa shabaha. Asiyeyajua mambo hayo manne kuhusu bunduki yake mwenyewe bado hajastahili kumlenga mnyama, hata kama leseni anayo mfukoni.

Tuelewane kwanza juu ya vipimo. Leo nikisema risasi nina maana ya kile kichwa kinachoruka, si ganda wala baruti. Uzito wake huandikwa kwenye boksi kwa greni. Ratili moja ina greni 7,000, na greni moja ni gramu 0.0648. Kwa hiyo risasi ya greni 180 ni gramu 11.7 hivi, kitu kidogo kinachopotea katika kiganja. Mfano wangu mkubwa utakuwa bunduki ya .30-06, kwa kuwa imeenea duniani kote na tabia ya risasi zake imepimwa kwa zaidi ya miaka 100. Baadaye tutahamia kwenye .375, bunduki inayojulikana sana katika mapori yetu.

Mvuto wa dunia hauangalii uzito

Kosa la kwanza ni kuamini kwamba risasi nzito huanguka zaidi kwa sababu ni nzito. Galileo aliliweka sawa jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638. Ukiondoa hewa, vitu vyote huanguka kwa mwendo uleule. Risasi iliyorushwa sambamba na ardhi, na nyingine iliyoachiwa mkononi kutoka kimo kilekile wakati uleule, zingefika chini pamoja. Moja ingekuwa mbali na nyingine ingekuwa miguuni pako, lakini pamoja.

Kinachoamua kuanguka ni muda. Katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, kitu chochote kinachoanguka huru hushuka sentimita 5. Katika sehemu mbili za kumi hushuka sentimita 20, katika tatu sentimita 44, na katika nne sentimita 78. Tazameni jinsi hesabu inavyopanda: muda ukiongezeka mara mbili, kushuka kunaongezeka mara nne. Ndiyo maana mita 100 za mwanzo humdanganya mwindaji. Huko risasi karibu zote huonekana kunyooka, naye akadhani zitaendelea hivyo.

Uzito huingia kwa mlango mwingine. Ganda lina nafasi yake ya baruti, na mtutu una kiwango cha mgandamizo unachoweza kuhimili. Huwezi kuongeza uzito wa risasi ukabaki na kasi ileile bila kuhatarisha bunduki na uso wako. Kwa hiyo risasi nzito hutoka polepole zaidi. Katika .30-06, risasi za kiwandani za greni 150 hutoka kwa takriban mita 887 kwa sekunde, za greni 180 kwa mita 823, na za greni 220 zenye pua ya mviringo kwa mita 735. Ukipiga hesabu ya nishati zao mtutuni, zote tatu zinaangukia kati ya jouli 3,800 na 3,950. Baruti imetoa karibu nguvu ileile, na risasi zimeigawa kila moja kwa namna yake: nyepesi imechukua kasi, nzito imechukua uzito.

Risasi nzito hushuka zaidi kwa sababu imekaa hewani muda mrefu zaidi, si kwa sababu dunia inaivuta kwa upendeleo. Mkilikubali hilo, swali linabadilika. Hatuulizi tena risasi ina uzito gani. Tunauliza itachukua muda gani kufika, na nini kitaipunguza kasi njiani.

Hewa ndiyo mpinzani mkubwa

Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alitoa kitabu kilichobadilisha elimu ya mizinga na bunduki. Alitundika ubao mzito ubembee, akaupiga risasi, akapima umbali ulioyumba, na kutokana na kipimo hicho akapata kasi ya risasi. Aliporudia kwa umbali tofauti aliona jambo ambalo wataalamu wa wakati wake hawakulitarajia: hewa huikinza risasi kwa nguvu kubwa mara nyingi kuliko uzito wa risasi yenyewe. Hata risasi ya leo iliyochongoka, ya greni 180, mara itokapo mtutuni hukabiliwa na ukinzani wa zaidi ya mara 50 ya uzito wake. Mvuto wa dunia tunaoulalamikia ni mdogo sana mbele ya hewa.

Hapa ndipo uzito unapopata heshima yake. Risasi mbili zenye kipenyo kimoja na umbo moja hukinzwa na hewa kwa nguvu karibu sawa zikiwa na kasi moja. Ile nzito ina maada zaidi nyuma ya uso uleule, hivyo nguvu hiyo huipunguza kasi kidogo kuliko mwenzake. Wataalamu huugawanya uzito wa risasi kwa kipenyo chake kilichozidishwa kwa chenyewe, wakapata namba ya uzito kwa upana. Kwa .30-06, greni 150 hupata 0.226, greni 180 hupata 0.271, na greni 220 hupata 0.331. Namba ikiwa kubwa, risasi ina uwezo zaidi wa kutunza mwendo wake, hewani na hata mwilini mwa mnyama.

Lakini nimesema umbo moja, na sharti hilo lina uzito wake. Tuzifuatilie zile risasi tatu hadi yadi 400, yaani kama mita 366. Majedwali ya viwanda yanaonyesha kwamba ile ya greni 150, iliyoanza na mita 887 kwa sekunde, imebaki na takriban mita 562. Ile ya greni 180 iliyochongoka, iliyoanza na mita 823, imebaki na mita 563. Zimefika zikiwa sawa! Nyepesi imepoteza mita 325 za kasi yake, nzito imepoteza 260. Kwa kuwa kasi ni moja na uzito ni tofauti, greni 180 inafika na jouli 1,850 hivi, na greni 150 na jouli 1,530 hivi. Ukivuka umbali huo, risasi nzito ndiyo yenye kasi zaidi.

Sasa iangalieni ile ya greni 220 yenye pua ya mviringo. Ndiyo nzito kuliko zote, na kwa namba ya uzito kwa upana inawashinda wenzake. Katika umbali uleule imebaki na takriban mita 433 kwa sekunde na jouli 1,340 tu. Imeanza sawa na wenzake kwa nishati, imefika ya mwisho. Pua ile butu imeikaribisha hewa. Basi anayechagua kwa kusoma greni kwenye boksi bila kuitazama ncha ya risasi amesoma nusu ya habari.

Na upepo je? Wengi hudhani risasi nyepesi husukumwa zaidi kwa kuwa ni nyepesi. Kanuni yake ni nyingine. Chukua muda halisi wa risasi hewani, ondoa muda ambao ingetumia kama hewa isingeipunguza kasi hata kidogo, kisha zidisha kilichobaki kwa kasi ya upepo unaokata njia yake. Hicho ndicho kiasi itakachohama. Kwa mita 300 na upepo wa mita 4 kwa sekunde kutoka ubavuni, hesabu inatoa takriban sentimita 27 kwa greni 150, sentimita 24 kwa greni 180, na sentimita 39 kwa ile ya greni 220 yenye pua butu. Risasi inayohama sana ni ile inayopoteza kasi sana kwa kiwango cha mwendo wake, iwe nyepesi au nzito.

Tulinganishe basi na kushuka. Katika mita hizo 300, risasi hizi hutumia takriban sekunde 0.41, 0.43 na 0.51. Kwa hesabu ya kuanguka huru, zitakuwa zimeshuka chini ya mstari wa mtutu kiasi cha sentimita 80, 90 na 125. Kati ya mbili za kwanza tofauti ni ndogo, na mwindaji akishaiweka darubini yake sawa kwa mita 200, tofauti hiyo hupungua zaidi. Kwa kazi ya kawaida ya porini, anayebishana kuhusu greni 150 na greni 180 zilizochongoka kwa sababu ya kushuka anabishana juu ya sentimita chache. Umbo la risasi na uhakika wa umbali vinampa au kumnyima zaidi ya hapo.

Majeshi yalikwenda, yakarudi

Historia ya risasi za kijeshi inatuonyesha jambo hili kwa kipimo kikubwa. Mwishoni mwa karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalitumia risasi ndefu, nzito, zenye pua ya mviringo. Ufaransa ilitangulia kubadilika mwaka 1898 kwa risasi iliyochongoka mbele na kusinyaa nyuma. Ujerumani ikafuata mwaka 1905: ikaacha risasi yake ya gramu 14.7 iliyotoka kwa takriban mita 640 kwa sekunde, ikachukua iliyochongoka ya gramu 10 hivi yenye kasi ya karibu mita 880. Marekani ilikuwa imetengeneza risasi ya greni 220 mwaka 1903. Miaka mitatu tu baadaye ikaja na ya greni 150 iliyochongoka, na hapo ndipo .30-06 ilipopata jina lake, kwa kipenyo cha sehemu 30 za mia za inchi na mwaka 1906.

Kwa umbali wa kawaida wa askari mabadiliko yale yalifaa. Njia ya risasi ilinyooka, na aliyekosea kukadiria umbali hakuadhibiwa sana. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Wamarekani waligundua upungufu wake. Risasi yao nyepesi iliyotangazwa kufika yadi 4,700 haikufika hata yadi 3,500, wakati risasi nzito zilizosinyaa nyuma zilikwenda mbali zaidi. Katika miaka ya 1920 wakatoa risasi ya karibu greni 173 yenye mkia uliosinyaa, na umbali wake wa mwisho ukazidi yadi 5,000. Wajerumani nao walirudi kwenye risasi nzito ya gramu 12.8, safari hii yenye ncha kali.

Kisa hakikuishia hapo. Risasi mpya ya Marekani ilikwenda mbali kiasi kwamba viwanja vingi vya mazoezi havikuwa na nafasi ya kuipokea kwa usalama, na kabla ya Vita Kuu ya Pili jeshi likarejea kwenye uzito wa greni 150. Nawaomba mlikumbuke hilo mnapokuwa karibu na mpaka wa pori na kijiji. Risasi iliyomkosa mnyama haifi pale ilipomkosa. Inaweza kusafiri kilomita kadhaa, na ile nzito iliyochongwa vizuri ndiyo inayofika mbali zaidi. Kabla ya kufyatua, mwindaji atazame kilicho nyuma ya mnyama: kilima, ukingo wa mto, au mahali watu wanapochunga.

Mtutu una uzito unaoukubali

Mpaka hapa nimezungumzia njia ya risasi. Usahihi ni jambo la pili. Njia inatuambia risasi itapita wapi, na usahihi unatuambia kama ya pili na ya tatu zitapita palepale.

Ndani ya mtutu wa bunduki ya kuwindia kuna mifereji iliyochongwa ikizunguka. Risasi hujibana kwenye mifereji hiyo na kutoka ikizunguka kwa kasi, na mzunguko huo ndio unaoifanya itangulize ncha, kama vile pia ya watoto inavyosimama wima kwa kuzunguka. Mitutu mingi ya .30-06 ina mzunguko mmoja kamili kwa kila inchi 10. Risasi inayotoka kwa mita 823 kwa sekunde huwa inazunguka zaidi ya mara 3,200 kila sekunde.

Risasi ikiwa ndefu zaidi inahitaji mzunguko wa kasi zaidi ili itulie. Mwaka 1879 Alfred George Greenhill wa Uingereza alitoa kanuni ya kukadiria mzunguko unaofaa kwa kutumia urefu na kipenyo, na hadi leo ni mahali pazuri pa kuanzia. Sikilizeni vizuri: kanuni inauliza urefu. Uzito huingia kwa sababu, ndani ya kipenyo kimoja, risasi nzito kwa kawaida ndiyo ndefu.

Mfano wa wazi ulitokea Marekani mwaka 1955. Kampuni mbili zilitoa bunduki za milimita 6 katika mwaka mmoja. Winchester ilitoa .243 yenye mzunguko wa inchi 10, na Remington ikatoa .244 yenye mzunguko wa inchi 12. Ganda la .244 lilikuwa na nafasi zaidi ya baruti, wala halikuwa na kasoro. Lakini mtutu wake ulikusudiwa risasi nyepesi, nao wawindaji wa paa walitaka risasi za greni 100 ambazo .243 ilizimudu bila shida. Sifa ya .244 ikaharibika sokoni. Mwaka 1963 kampuni ililipa ganda lilelile jina jipya, 6mm Remington, ikaipa mitutu mzunguko wa inchi 9. Wakati huo wanunuzi wengi walikuwa wameshafanya uamuzi wao. Kilichoizamisha ni inchi chache za mzunguko.

Somo hili linaturudia leo kwa sababu ya risasi za shaba tupu. Zinaenea kwa sababu nzuri: vipande vya madini ya risasi vinavyobaki kwenye utumbo na mizoga huwaua tumbusi na ndege wengine wala mizoga, na jimbo la California limekataza kabisa kuwinda kwa madini hayo tangu mwaka 2019. Shaba ina msongamano wa gramu 9 hivi kwa sentimita ya ujazo, wakati madini ya risasi yana gramu 11.3. Kwa uzito uleule, risasi ya shaba ni ndefu zaidi. Mwindaji aliyezoea greni 180 za zamani akinunua greni 180 za shaba, huenda mtutu wake ukashindwa kuituliza vizuri. Mara nyingi jibu ni kushuka hatua moja ya uzito, kisha kupima kwenye karatasi.

Kuna jambo jingine la mtutu. Risasi inapopita ndani yake, kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, chuma chote hutetemeka na bunduki huanza kuinuka. Risasi za uzito tofauti hutoka mtutu ukiwa umeelekea mahali tofauti kidogo. Ndiyo maana ukibadilisha uzito, matundu yanaweza kuhamia juu, chini, hata pembeni, mahali ambapo hesabu ya kushuka haiwezi kueleza. Hakuna jedwali litakalokueleza mtutu wako utafanya nini. Utajua kwa kupiga.

.375 na mapori yetu

Tuje nyumbani. Kanuni za uwindaji Tanzania zimeweka kipenyo cha .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari kama nyati na tembo. Bunduki iliyokipa kipenyo hicho sifa ni .375 ya Holland & Holland ya London, iliyotolewa mwaka 1912. Tangu awali ilitolewa na risasi za uzito wa aina tatu, greni 235, 270 na 300, na ikasifiwa kwa kuzipeleka karibu mahali pamoja katika umbali wa kawaida wa uwindaji. Mwindaji mwenye bunduki moja aliweza kumwinda pofu asubuhi kwa risasi nyepesi na kumfuata nyati kichakani kwa nzito.

Hebu tupime sifa hiyo kwa hesabu. Greni 270 hutoka kwa takriban mita 820 kwa sekunde, na greni 300 kwa mita 771. Kufika mita 100, ya kwanza hutumia kama sekunde 0.13 na ya pili kama sekunde 0.14. Tofauti ya kushuka ni sentimita moja hivi. Nyati wengi katika miombo na vichaka hupigwa ndani ya mita 100, na eneo la moyo na mapafu yake lina upana wa zaidi ya sentimita 25. Sentimita moja haina la kusema hapo. Anayekwenda kwa nyati achague risasi kwa kuangalia kupenya: iwe nzito kwa upana wake, imara kwa muundo, isiyovunjika kwenye mfupa wa bega.

Kwa swala tomi kwenye mbuga wazi mambo hugeuka. Mnyama ni mdogo, eneo la kupiga ni sentimita 15 hivi, umbali unaweza kufika mita 200, na mchana upepo huvuma. Hapo risasi ya wastani iliyochongoka, yenye kasi na isiyopoteza mwendo, ndiyo yenye manufaa. Pia, kadiri unavyopanda juu hewa inapungua uzito. Kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko pwani, na risasi hutunza kasi yake vizuri zaidi.

Kuna imani moja ya vichakani ambayo ningependa iachwe kabisa: kwamba risasi nzito hupita kwenye vijiti bila kupotoka. Kila risasi inayogusa kijiti inaweza kupotoka, ya .375 pia, hasa kijiti kikiwa mbali na mnyama. Dawa ni kusubiri mnyama asogee mahali peupe.

Tusichukue nusu ya kisa cha Bell

Kila mjadala wa uzito hufika kwa Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880, ambaye kwa sababu ya misafara yake Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, aliitwa Karamojo Bell. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7 yenye risasi ya greni 173. Wapo wanaolitaja jina lake kuthibitisha kwamba kipenyo na uzito ni porojo.

Ukiitazama risasi yake kwa makini, haithibitishi hivyo. Namba yake ya uzito kwa upana ni 0.306. Ya greni 300 katika .375 ni 0.305. Risasi ya Bell ilikuwa nyembamba, lakini kwa upana wake ilikuwa nzito sawa na ile ya bunduki kubwa, tena ilifunikwa chuma kote ili isipanuke. Ilipenya kwa sababu hiyo. Juu ya hapo Bell aliupasua mfupa wa kichwa cha tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kutoka kila upande, na alipiga kutoka karibu. Aliishi pia katika zama za kuvuna pembe bila kikomo, zama ambazo zimewaachia tembo wetu hasara kubwa, na sheria ya leo isingemruhusu kufanya alivyofanya. Wahenga walituonya tusisafirie nyota ya mwenzetu. Tujifunze kwake elimu ya mwili wa mnyama na nidhamu ya kukaribia, bunduki yake tuiache kwenye historia.

Bega la mpigaji nalo limo katika hesabu

Bunduki humsukuma mpigaji kwa kadiri inavyosukuma risasi na moshi wa baruti mbele. Katika .30-06, risasi ya greni 220 husukuma bega zaidi ya ile ya greni 150, ijapokuwa nishati zao mtutuni zinakaribiana. Msukumo huo una athari kwenye usahihi ambayo haiandikwi kwenye boksi: mpigaji akishauogopa, hufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa. Nimewaona vijana wenye macho mazuri wakikosa karatasi nzima kwa sababu hiyo. Risasi ya greni 180 iliyopigwa kwa utulivu inashinda ya greni 220 iliyopigwa kwa hofu, katika umbali wowote.

Kwa hiyo nawapa utaratibu wa kuchagua uzito, na utaratibu huu hauhitaji vyombo vya gharama. Anza na mnyama na mazingira: jiulize utampiga umbali gani kwa kawaida, na risasi ipenye kiasi gani. Tazama mzunguko wa mtutu wako, ambao mara nyingi umechapwa juu ya chuma au kuandikwa kwenye kitabu cha bunduki. Chukua uzito wa aina mbili au tatu unaoendana nao, piga tatu tatu kwenye karatasi ya mita 100 ukiwa umeegemea vizuri, na uache mtutu upoe kati ya mafungu. Uzito utakaokusanya matundu karibu zaidi ndio ambao mtutu wako umeukubali. Rekebisha darubini kwa uzito huo, kisha nenda mita 150 na mita 200 ukaone kwa macho yako risasi inashuka kiasi gani. Mwisho piga ukiwa umesimama, bunduki ikiwa juu ya miti ya kuegemea, kama utakavyokuwa porini. Umbali ambao ukiwa hivyo huwezi tena kuweka risasi zote ndani ya eneo la moyo na mapafu ndio mwisho wako. Usiuvuke, hata mnyama awe mkubwa wa pembe kiasi gani.

Na ukibadilisha uzito, au hata kampuni ya risasi yenye uzito uleule, rudia yote.

Ndugu zangu, elimu hii ina gharama pale isipofuatwa, na anayelipa wa kwanza ni mnyama. Nyati aliyepigwa tumboni anaweza kuishi siku kadhaa akiwa na maumivu, na akiwa kichakani anaweza kumuua mfuatiliaji asiyekuwa na kosa lolote. Anayetangulia kwenye damu mara nyingi ni mtambuzi wa nyayo au askari, kijana wa kijiji cha jirani, na wala si yule aliyefyatua. Kosa la sentimita 20 lililoanzia kwenye risasi isiyopimwa humfikia yeye.

Ndiyo maana nina maombi mawili. Kwa wenye vitalu na wawindaji bingwa: mgeni asiingie porini kabla hajapiga karatasi kwa risasi zilezile atakazowindia, na uzito wake uandikwe pamoja na umbali wa juu aliothibitisha. Akitoboa vibaya, safari isubiri mpaka atoboe vizuri. Kwa vyuo vyetu vya wanyamapori: elimu ya mwendo wa risasi ifundishwe kwa hesabu na kwa uwanja wa shabaha pamoja, ili kila askari anayepewa bunduki ya .375 au ya .458 kwenda kumzuia tembo mashambani ajue risasi yake itafika wapi na itapenya kiasi gani kabla hajaitwa usiku.

Nimewapa namba nyingi. Zichukueni mkazipime kwenye viwanja vyenu, na pale bunduki zenu zitakapotofautiana na namba zangu, zifuateni bunduki zenu.